Mfuko Mmoja, Nyumba Moja

Mke wa mdogo wangu ni dobi. Mtaani humwita Mama Nyuzi, na jina hilo amelichuma kwa kazi yake, kwani hakuna nguo inayopita mikononi mwake bila kushonwa, nyuma ya kola au ndani ya pindo, kwa uzi wa rangi ya nyumba ilikotoka. Nyumba ya mwalimu mkuu ni nyekundu. Nyumba ya wauza mbao ni manjano. Nyumba ya kinyozi, mwenye watoto wengi na mashati machache, ni zambarau, na mwenyewe hujisifu kwamba hiyo ni rangi ya wafalme. Nguo zikishafuliwa na kupigwa pasi hufungwa pamoja na kurudishwa kwao, na huko nyumbani baba, mama na watoto hugawana wenyewe. Niliwahi kumwuliza kwa nini asitie alama ya kila mtu. Alinitazama kama niliyemtaka apike kila punje ya mchele katika sufuria yake.

"Shemeji," aliniambia, "mimi nafulia nyumba, sifulii mtu."

Duka lake ni chumba kimoja chenye milango miwili. Mlango wa mbele unatazama barabara. Wa nyuma unatokea kwenye ua wenye mabeseni, mashine kuukuu ya kufulia inayotikisika kama mwenye homa, na kamba za kuanikia. Katikati ipo meza ya kupigia pasi iliyovikwa blanketi, na ukutani ubao wa misumari ambako nyuzi zimening'inia, kila rangi na msumari wake. Pasi ziko mbili. Moja ni nyepesi, ndiyo anayoitumia kila siku. Ya pili ni nzito mno, ya kunyooshea mashuka na mapazia, na aliyekuwa akiimudu ni mume wake peke yake. Tangu mdogo wangu aondoke, pasi hiyo imekaa chini ya meza ikiwa imefunikwa kitambaa.

Mdogo wangu hakuondoka kwa ugomvi. Watu wengi walikuwa wameanza kununua mashine zao za kufulia, na kazi ya duka ikapungua hadi ikawa ya mikono miwili, na mikono minne ikabaki ikitazamana. Akapata ajira ya kulinda ghala katika mji wa mbali, akafungasha. Kabla ya kupanda basi waliagana kwa neno moja ambalo shemeji alikuwa akinirudia mara kwa mara, kana kwamba anaogopa nisije nikalisahau kwa niaba yao: siku duka litakapopata kazi ya watu wawili, mume angerudi siku hiyohiyo. Kazi hiyo haikuja. Kila nilipopita kumjulia hali, nilimwona akipiga pasi huku simu imeegemezwa kwenye kopo la wanga, wanazungumza, na mara nyingi hawazungumzi, wameiacha tu iwe wazi ili kila mmoja asikie mwenzake akiwapo.

Ndipo ikaja habari ya kongamano. Ukumbi mkubwa wa mikutano ulio nyuma ya mtaa wetu, ambao kwa kawaida hupokea harusi na mahafali, ungepokea wataalamu wa teknolojia kutoka nchi nyingi. Wafanyabiashara wa mtaa walikutana kwenye mabenchi ya muuza chai kujadili namna ya kunufaika na wageni hao, wakaniita nikawape maelezo, kwa kuwa nafundisha chuoni na nasoma lugha za watu. Nilijiandaa kuliko ilivyohitajika. Nilizungumzia utambulisho wa biashara, malipo kwa simu, mabango ya lugha mbili. Nilipoketi, nilihisi kwamba nilikuwa nimewapa maneno mengi na sikuwapa kitu cha kushika mkononi. Hisia hiyo hunijia kila mara nimalizapo kusema, na sijajua bado kama ni unyenyekevu au ni ukweli.

Muuza chai alikumbusha ule msemo wa mgeni njoo, mwenyeji apone. Kinyozi akamjibu kwamba yeye hatapona, kwa sababu watu wa kompyuta hawanyoi. Alikwisha kuwaona kwenye televisheni, ndevu hadi kifuani. Fundi viatu akamwambia asikate tamaa, huenda wakaja kuzipima tu. Watu wakacheka. Mama Nyuzi akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

"Hao wageni watakaa siku kadhaa. Nguo zao nani atazifua?"

Kesho yake alinitaka nimsindikize hotelini, hoteli ile kubwa inayopakana na ukumbi. Nilidhani ananihitaji nizungumze kwa niaba yake, nikavaa koti. Kumbe alinihitaji nikae pembeni tu, asionekane amekuja bila jamaa. Tulipokelewa na msimamizi wa vyumba, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na sauti ya chini inayomlazimisha mtu kuinama ili aisikie. Shemeji alitoa kwenye kikapu chake shati jeupe la mwalimu mkuu, alilokwisha kumwomba ruhusa alitumie, akalikunjua mezani. Msimamizi aligeuza kola, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega, akalinusa. Kisha akasema mashine za hoteli hazitatosha kwa wageni wa kongamano. Angempa nguo za wageni kwa siku hizo zote. Iwapo hakuna nguo itakayopotea, wala lalamiko litakalofika mezani kwake, basi sare za wafanyakazi wote wa hoteli zingekuwa kazi ya Mama Nyuzi mwaka mzima.

Tulitoka hadi barabarani. Hapo shemeji akashika mkono wangu na kuniuliza kama nami nimesikia alivyosikia. Sare za hoteli nzima, mwaka mzima. Hiyo haikuwa kazi ya mikono miwili. Alimpigia mumewe palepale. Mdogo wangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, aliuliza tu kama ile pasi nzito bado inafanya kazi.

Kongamano lilipoanza, mtaa ulipata pumzi mpya. Muuza chai aligundua kwamba wageni hupenda kukaa pale ambapo mtandao unashika vizuri, akahamishia mabenchi yake kwenye ukuta wa ukumbi, wakawa wanakunywa chai yake huku wamekodolea macho simu, bila kujua wamekunywa vikombe vingapi. Fundi viatu ndiye aliyefaidi kuliko wote, na hakuna aliyelitabiri hilo: watu waliokuja na viatu vipya na kusimama navyo kutwa nzima walimjia wakichechemea, akawatanulia visigino na kuwashonea kamba za mifuko yao ya kompyuta. Kinyozi alinifanya nimwandikie bango kwa lugha ya wageni, "Kichwa safi, akili nyepesi", na kwa siku nzima hakuingia hata mtu wa kuuliza njia. Baadaye akaingia mmoja mwenye ndevu ndefu akitaka zipunguzwe kidogo tu, na alipotoka, wenzake walioona kazi walifuatana. Kinyozi alipita kwa kila jirani akitangaza kwamba wamekuja kuzipima, na zimepatikana zimezidi.

Kwa Mama Nyuzi kazi ilikwenda kama maji. Kila asubuhi wahudumu wa hoteli walileta mifuko ya nguo, kila chumba na mfuko wake na karatasi ya namba ya chumba imebanwa kwa pini. Yeye aliitoa karatasi, kwa maana karatasi huloa na pini hutia kutu, akaitundika kwenye msumari wa rangi aliyoichagua, akaishonea kila nguo uzi. Mfuko mmoja, nyumba moja. Rangi zilipokwisha alichanganya mbili mbili, na alasiri kila mfuko ukarudi na vyake. Msimamizi hakusema lolote, na tulifahamu kwamba kwa mtu kama yeye ukimya ni sifa.

Siku ya kabla ya kufunga kongamano nilipita dukani baada ya vipindi. Shemeji alikuwa na furaha ya mtu anayekaribia kumaliza safari. Kwenye meza kulikuwa na rundo kubwa la fulana za kola, zote za buluu iliyokoza, zote na nembo ya wingu dogo kifuani, zimekunjwa zikakaa kama matofali. Aliniambia ni za kampuni moja ya wageni, zimeletwa kwa pamoja katika mfuko mmoja mkubwa, na kesho asubuhi watazivaa kwa ajili ya onyesho lao jukwaani. Akageuza kola ya juu anionyeshe. Uzi wa kijani. Akageuza ya pili, kijani. Alikuwa amechagua rangi hiyo mahususi, kwa kuwa nyumba kubwa hivyo inastahili rangi ambayo hakuna mwingine aliye nayo.

Nilizisifu. Kisha, bila nia yoyote ila kuendeleza mazungumzo, nikauliza ni ipi ya nani.

"Si watagawana wenyewe huko kwao," alisema.

Mkono wake ukabaki juu ya kola. Nilimwona akilisikia jibu lake mwenyewe. Watu hawa hawakuwa na kwao. Walikuwa na vyumba, kila mmoja na chake, kwenye ghorofa tofauti. Mfuko ulikuwa mmoja kwa sababu aliyezikusanya alikuwa mmoja. Kila fulana ilikuwa imebanwa karatasi yake, na shemeji alikuwa ameona karatasi nyingi katika mfuko mmoja akadhani, bila kuzisoma namba, kwamba wahudumu wamezidisha uangalifu tu. Alikuwa ametundika moja tu msumarini, na nyingine zote zilikwisha kwenda na takataka.

Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba mume wake amekwisha kumwarifu mwajiri.

Sikulijua hilo. Mdogo wangu alikuwa amehesabu kazi ya hoteli kama imepatikana, akatoa taarifa ya kuacha ulinzi wa ghala. Kosa hili lingefika mezani kwa msimamizi, angerudi kwenye duka la mikono miwili, tena akiwa hana pa kurudi alikotoka. Nikajaribu kusaidia. Nikapendekeza tuzipange kwa ukubwa. Tulizipanga, na tukapata marundo machache marefu ya fulana zinazofanana kama njugu, jambo lililotufaa kidogo sana. Nikapendekeza tuzirudishe zilivyo na kuacha hoteli ijue la kufanya. Hapo shemeji akainua kichwa.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Nakwenda kumwambia mwenyewe, kabla mgeni hajaenda kwake na fulana ya mtu mwingine."

Tulizibeba pamoja, kila mmoja na kikapu. Msimamizi wa vyumba alisikiliza akiwa amesimama. Shemeji hakujitetea wala hakuzunguka. Alieleza mfuko, karatasi, uzi wa kijani, na kwamba kila fulana ipo, safi, ila hajui mwenyewe ni nani. Yule mama alivua miwani ikaning'inia kifuani. Hakugomba, na kwa kweli ningependa angegomba. Aliinua simu ya mezani akawaita wageni wa kampuni ile wakutane kwenye chumba kidogo cha mikutano, kisha akaniuliza kama lugha yao naijua vizuri au naijua ya vitabuni. Nilijibu kwa uaminifu kwamba ni ya vitabuni. Akasema itabidi itoshe.

Chumba kilikuwa na meza ndefu. Shemeji alizitandaza fulana juu yake kwa safu, kola zote upande mmoja, kama afanyavyo kwa nyumba yenye msiba au harusi, pale nguo zinapokuwa nyingi na watu wana haraka. Wageni wakaingia, mmoja mmoja, wakishangaa. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi na viatu vya kukimbilia. Nilimweleza jambo lote kwa sentensi nilizozipanga nikiwa njiani, na katikati yake nikasahau neno la "kola", nikawa nashika shingo yangu kama mtu anayekabwa. Alinisaidia kulipata. Kisha akauliza uzi wa kijani maana yake nini.

Nilimtafsiria shemeji. Akajibu akitazama meza, si watu.

"Mwambie mimi nafulia nyumba. Niliona nguo za namna moja, mfuko mmoja, nikawadhania ni nyumba moja. Mwambie namwomba radhi."

Nilimfikishia maneno hayo. Kiongozi yule aliwageukia wenzake akawarudia kwa maneno yake, na kisha akaniambia jambo lililonishangaza: kampuni yao haina ofisi. Kila mmoja hufanya kazi nyumbani kwake, katika nchi yake, na wiki hii ndiyo mara ya kwanza wengi wao kuonana ana kwa ana. Miaka yote walijuana kwa nyuso tu, kwenye kioo cha kompyuta, kuanzia mabegani kwenda juu.

Nikamweleza shemeji. Aliinua macho akawatazama kwa huruma ya kweli.

"Maskini," alisema. "Kwa hiyo hata urefu wa wenzao hawakuujua."

Sikuwa na hakika kama ni adabu kulitafsiri hilo, lakini kiongozi alikuwa akingoja, nikalitafsiri. Waliangua kicheko. Mmoja, mtu mkubwa kama mlango, akasema kwamba ni kweli, alipofika uwanja wa ndege hakuna aliyemtambua kwa sababu walimdhania mdogo. Mwingine akauliza, kama hii ni nyumba, baba ni nani. Kiongozi akajibu kwamba baba hayupo, yuko bibi tu, na bibi anataka kila mtu avae afunge kifungo kabla hajakasirika. Wakaanza kuzijaribu, wakibadilishana, wakivutana mikono, huyu akipotelea ndani ya fulana, yule akishindwa kupitisha kichwa.

Msimamizi wa vyumba alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Nilikuwa namtazama yeye zaidi ya wageni.

Meza ikawa karibu tupu. Ikabaki fulana moja, ndogo, na mtu mmoja asiye na fulana, naye ni yule mkubwa kama mlango. Kicheko kilipungua. Shemeji aliishika ile iliyobaki, akaigeuza, akaiweka chini tena. Ndipo kijana mmoja mrefu mwembamba, aliyekuwa ameegemea dirisha akisoma simu, akajitazama tumboni. Kitambaa kilikuwa kikimpepea kama pazia. Akakiri kwa aibu kwamba aliona imekuwa pana, ila alidhani labda imepanuliwa na pasi.

Walimvua wenyewe, kwa kelele. Mkubwa akavaa, ikamkaa. Mwembamba akavaa ile ndogo, ikamkaa. Meza ilikuwa tupu. Wageni walitoka wakitaniana, na mmoja, akipita, alikunja kola yake amwonyeshe shemeji uzi wa kijani, akafanya ishara ya mkasi na kutikisa kichwa. Alimaanisha hataukata. Shemeji alijibu kwa kuinamisha kichwa.

Tukabaki watatu. Msimamizi alifunga mlango. Alisema, kwa sauti yake ile ya kuinamiwa, kwamba nguo hazikupotea na mgeni hakulalamika. Kisha akasema kwamba hata hivyo, nguo za mgeni ni za mtu, si za nyumba, na dobi asiyelijua hilo atakuja kumwaibisha siku nyingine. Shemeji alisema tu, ndiyo mama.

"Njoo," alimwambia.

Alitupeleka mwisho wa ukumbi mwembamba, akafungua mlango wa stoo. Rafu zilijaa sare za wafanyakazi: za wapishi, za wahudumu, za wabeba mizigo, zimepangwa kwa ukubwa hadi darini.

"Hizi hazina mwenyewe," alisema. "Mtu huvaa inayomtosha leo, kesho anavaa nyingine. Zinatoka hapa, zinarudi hapa. Tatizo langu ni kwamba dobi niliyenaye huzichanganya na za hoteli ya jirani." Akavaa miwani. "Chagua rangi moja. Na nguo za wageni zikija, kila mtu na uzi wake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama," shemeji alisema, safari hii kwa sauti kamili.

Tulitokea kwenye lango la wafanyakazi, jua likiwa bado juu ya mapaa. Shemeji aliegemea ukuta. Akacheka peke yake, akasema eti wanajuana mabega tu. Kisha akapiga simu. Upande wa pili mdogo wangu hakusalimu, aliuliza neno moja.

"Nifungashe?"

"Fungasha," alisema mkewe. "Usisahau blanketi."

Nilipopita dukani wiki iliyofuata, mlango wa nyuma ulikuwa wazi na mvuke ulikuwa ukitoka uani kwa wingi ambao sikuwa nimeuona kwa muda mrefu. Mdogo wangu, kifua wazi, alikuwa akisukuma ile pasi nzito juu ya koti la mpishi, akiitukana kwa upole kama mtu anayekutana na rafiki wa utotoni. Nyuma ya kola ya koti niliona uzi mweupe wenye fundo. Kwa hoteli, shemeji alikuwa amechagua rangi isiyowahi kuwa ya nyumba yoyote mtaani. Kinyozi alikuwa amekaa mlangoni akimwuliza mdogo wangu kama huko ghalani alikuwa akilinda vitu au vitu vilikuwa vikimlinda yeye.

Shemeji hakuwa mezani. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda kando ya begi la safari lililofunguliwa, mashati ya mumewe yamelundikana mapajani. Huko mbali alikuwa akifuliwa na dobi mwingine, na dobi huyo naye alikuwa na mtindo wake: msalaba mdogo wa uzi mweusi ndani ya kila ukosi. Mama Nyuzi alikuwa na wembe mkononi. Alikuwa akiifumua misalaba hiyo mmoja baada ya mwingine, bila haraka, akipuliza vipande vya uzi vikaanguka sakafuni. Nilimwuliza atashona rangi gani badala yake.

"Hapana rangi," alisema bila kuinua macho. "Za nyumbani hazitiwi alama."